Gereji Ikikufungia Tairi la Saizi Isiyo Yako: Nilivyofanya Mimi, Fundi Cherehani wa Donholm

Mimi nashona sare za shule Donholm, Nairobi. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari silali: mashati, sketi, kaptura, na wazazi wanaokuja leo wakitaka sare ya keshokutwa. Gari langu ni Toyota Premio ya 2009, na kazi yake kubwa ni kubeba majora ya vitambaa kutoka Eastleigh na kupeleka mafurushi kwa wateja. Kwa hiyo matairi yanakwisha upesi, na ya mbele ndiyo hutangulia.

Desemba iliyopita nilibadilisha mawili ya mbele kwenye gereji moja ya Industrial Area. Jina silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia, maana kosa hili linaweza kukukuta popote, Kirinyaga Road, Baricho Road au kwa kijana wa pancha mtaani kwako. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba nataka 195/65R15 mbili, mpya. Nikalipa 17,000 za matairi na 1,500 za balansi na alainmenti (kusawazisha uzito wa magurudumu na kuyanyoosha), nikapewa risiti, nikatoka mbio kwa sababu mteja wa Buruburu alikuwa ameshapiga simu mara tatu.

Jioni naingia kwenye ploti yetu, bampa ya mbele ikakwaruza tuta la getini. Tuta hilo nimelivuka miaka minne, nikiwa nimepakia na nikiwa sina mzigo, na halijawahi kunigusa. Nikashuka na tochi ya simu. Nyuma: 195/65R15 91S. Mbele: 195/60R15 88H, kulia na kushoto.

Zile namba zinasema nini

Ukienda kulalamika bila kuzielewa namba hizi, watakuzungusha mpaka uombe msamaha wewe. Basi tuzisome pamoja.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana. Piga hesabu, unapata karibu milimita 127. Ikiwa ni 60 unapata 117. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na matairi karibu yote ya magari madogo siku hizi ni R, kwa hiyo hapo usipoteze muda. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa jumlisha. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Weka ubavu wa juu na wa chini. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha milimita 634 na nusu kutoka chini hadi juu. La 195/60R15 lina 615. Tofauti ni karibu sentimita mbili, na kwa kuwa gari hukaa katikati ya gurudumu, pua ya gari langu ilikuwa imeshuka sentimita moja. Sentimita moja ndiyo iliyonikutanisha na tuta. Mtu anayeshona anajua kwamba sentimita moja si kitu kidogo. Ndiyo tofauti ya sketi inayofungika na sketi inayorudishwa.

Halafu kuna ile 91S na 88H, ambayo watu wengi huiruka. Namba ya kwanza ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 91 ni kilo 615, 88 ni kilo 560. Herufi ni mwendo: S ni hadi kilomita 180 kwa saa, H ni hadi 210. Fundi atakusifia H, akuambie hili ni la spidi zaidi kwa hiyo umefaidi. Mimi sina pa kwenda na kilomita 210 kwa saa. Ninacho kiti cha nyuma kilichojaa majora, na kila tairi la mbele lilikuwa limepunguziwa kilo 55 za uwezo wake.

Saizi sahihi ya gari lako iko kwenye stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango, inama, utaiona. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maneno ni ya Kijapani, ila namba ni namba. Hapo hapo kuna presha. Ukikuta 220 kPa, hiyo ni kama 32 kwenye mashine ya upepo ya petroli stesheni. Usichukue saizi kutoka kwa matairi yaliyopo tu, kwa sababu pengine mwenye gari wa kwanza naye alifungiwa vibaya, na wewe unarithi kosa lake.

Kwa nini usikubali kuambiwa "inaingia tu"

Kuingia litaingia. Rimu ni ya 15 na tairi ni la 15. Tatizo langu lilikuwa kwamba mbele na nyuma hazilingani tena.

Usiku ule sikuridhika na hesabu ya kichwani. Nilichukua chaki yangu ya kushonea na tepu, nikamwita mlinzi wa geti anisaidie kusukuma. Tulichora mstari mfupi chini kabisa ya tairi la nyuma pale linapogusa sakafu, na alama nyingine sakafuni. Tukasukuma gari taratibu mpaka mstari ule ukazunguka na kurudi chini, tukaweka alama ya pili. Tepu yangu ni ya sentimita 150, basi tulipima kwa vipande viwili. Nyuma: 193. Tukarudia mbele: 187. Kila mzunguko mmoja, tairi la mbele lilikuwa linapungukiwa na sentimita sita, kwa hiyo ili liende sambamba na la nyuma lazima lizunguke zaidi: mara 17 hivi kwa kila kilomita.

Mlinzi alitazama zile alama, akaniambia, "Mama, hili gari linachechemea."

Premio inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo spidomita nayo ilikuwa ikidanganywa. Iliposema 80, mimi nilikuwa naenda 77 na nusu hivi. Hata kilomita zilikuwa zinahesabiwa kwa ziada, na kama ningekaa nayo mwezi mzima ningefurahi kwamba gari limeanza kula mafuta kidogo, kumbe ni hesabu ya uongo. Ukifungiwa makubwa kupita kiasi mambo hugeuka, na hapo ndipo pabaya zaidi. Ukiwekewa 205/70R15 badala ya 195/65R15, spidomita ikisema 50 wewe uko karibu 53, na polisi hatakusikiliza kuhusu tairi. Tena tairi kubwa linaweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi ukikata kona au ukipakia mzigo. Usukani ukizungushwa hadi mwisho ukasikia kitu kinakwaruza, simama.

Magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, usithubutu kuyaendesha yakiwa na saizi mbili tofauti, hata kwa safari ya kurudi gerejini. Zile gia za katikati zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma zitakuwa zinafanya kazi bila kupumzika, zinapata moto, na ukarabati wake unaweza kumeza pesa za matairi mara kadhaa. Waite waje na matairi sahihi ulipo. Na kwa gari lolote, kama ni tairi la kushoto na la kulia kwenye ekseli moja ndiyo yametofautiana, hilo usikubali hata kwa siku moja. Funga speya, mradi saizi yake ni sahihi.

Ushahidi, kabla hujalala

Nilipiga picha kumi na moja. Ubavu wa kila tairi, namba zikisomeka. Stika ya mlangoni. Gari zima kwa mbele, namba ya usajili ikionekana pamoja na tairi. Dashibodi, ionyeshe kilomita: nilikuwa nimetembea 38 tu tangu kutoka gerejini. Risiti. Ujumbe wa M-Pesa.

Hapo kwenye risiti ndipo nilipogundua uzembe wangu mimi mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, "Matairi 2 ya 15". Basi. Hakuna 195, hakuna 65. Kwa karatasi ile, mtu angeweza kusema nilipewa nilichonunua. Kilichoniokoa ni WhatsApp. Siku moja kabla nilikuwa nimewaandikia, "Habari, 195/65R15 mpya ni bei gani?" wakajibu, "8,500 moja, karibu." Ujumbe huo ndio uliokuwa mkataba wangu. Tangu hapo, kitu chochote cha gari naulizia bei kwa maandishi hata kama duka liko ng'ambo ya barabara, na nikilipa nasimama juu ya mwandishi wa risiti mpaka aandike saizi yote, herufi kwa herufi. Omba ile risiti ya kodi ya kielektroniki, eTIMS, ambayo ina PIN ya KRA ya biashara.

Angalia pia ujumbe wa M-Pesa umesema ulilipa nani. Ukilipa kwa Till, yaani namba ya malipo ya biashara, jina la biashara linatokea. Ukilipa kwenye namba ya fundi, utaambiwa fundi alikula pesa na gereji haijui kitu.

Kosa langu la pili: niliyaacha matairi ya zamani pale. Yalikuwa yamekwisha lakini hayakuwa yamekufa, na saizi yake ilikuwa sahihi. Kama ningekuwa nayo nyumbani, ningeweza kuwaambia wanirudishie pesa zangu na kunifungia ya kwangu, nikanunue kwingine. Asubuhi nilipouliza, yalikuwa yameshauzwa. Kwa hiyo chukua matairi yako ya zamani, yatie kwenye buti, yakae wiki moja, ndipo uyauze au umpe mtu wa bembea.

Asubuhi yake

Nenda mapema. Saa mbili asubuhi siku ya kazi, mafundi bado wanakunywa chai na hakuna foleni ya wateja wa kukutia haya au kukukimbiza. Ukienda Jumamosi alasiri, utazungumza na mgongo wa mtu. Na usikae nayo siku nyingi ukisema utapitia hapo ukipata nafasi: ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema umeikataa, kisheria unaweza kuhesabiwa kuwa umeikubali. Mimi kabla ya kutoka nyumbani niliwaandikia WhatsApp: "Nimefungiwa 195/60R15 badala ya 195/65R15 niliyoagiza. Sijaikubali. Nakuja leo saa mbili." Nikaweka na picha mbili. Sasa kuna saa na tarehe.

Nilimkuta msimamizi wa mafundi, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyopasuka kwapani. Nilimsalimia vizuri. Usianze na kelele. Ukianza na kelele, yeye atajibu kelele, na tairi litabaki pale pale.

"Madam, hiyo haina shida," akasema. "Kumi na tano ni kumi na tano."

Nikamwuliza, "Wewe unavaa shati la kola ngapi?"

"Kumi na tano na nusu."

"Nikikushonea shati la kola kumi na tano na nusu, mikono nikaikata ya mtoto wa darasa la sita, utavaa?"

Mafundi wenzake walicheka, naye akacheka kidogo, lakini hakutoa tairi. Akasema nimsubiri mkubwa. Hilo lilikuwa sawa. Msimamizi hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi mia, na kugombana naye ni kumaliza nguvu. Uliza mapema kabisa: nani hapa anaweza kuamua kubadilisha? Kisha msubiri huyo.

Mkubwa alifika saa nne. Nitakupa majibu yake yote kama alivyoyatoa, kwa sababu naamini yanafanana kila mahali.

Kwanza, eti madereva wa teksi wote wanaweka hiyo. Sikubishana kuhusu teksi. Nilimwonyesha stika ya mlangoni na ile WhatsApp.

Pili, eti tairi likishafungwa haliwezi kurudi, na akaninyooshea kidole kwenye kibandiko cha ukutani kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Hapa usilegee. Kibandiko kile kinahusu mtu aliyebadilisha nia. Mimi sikubadilisha nia, nilipewa kitu tofauti na nilichoagiza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kupewa taarifa anazohitaji. Na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inasema haki zilizomo ndani yake zinabaki hata kama mmekubaliana vingine. Sikuyasema yote hayo kwa sauti ya mahakamani. Nilisema tu, "Mzee, mimi sirudishi nilichonunua. Narudisha ambacho sikununua." Akanyamaza kidogo.

Tatu, na huu ndio mtego: "Basi mama, tukuwekee na za nyuma sixty, zote nne ziwe sawa. Nakufanyia bei." Ukiwa umechoka utaona kama suluhisho. Magurudumu yatalingana, ndiyo, lakini utakuwa umelipa tena kurekebisha kosa lao, gari zima litakuwa limeshuka, na kila tairi litakuwa na namba ya uzito iliyo chini ya ile ya mtengenezaji. Kataa.

Nne, akaniletea mawili ya saizi sahihi kutoka nyuma ya stoo. Yalikuwa yamepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha. Niliinama nikatafuta neno DOT ubavuni, na mwisho wake ile tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ilisomeka 0918: wiki ya 9 ya mwaka 2018. Pembeni kulikuwa na zile nywele ndogo za mpira zilizochakaa, na katikati ya meno kulikuwa na vijiwe. Mtumba. Nilikuwa nimelipia mapya. Mara nyingi ule mstari wa DOT wenye tarehe uko upande mmoja tu, kwa hiyo tairi likishafungwa unaweza kujikuta uko upande wa ndani huuoni. Lisome likiwa bado chini.

Ndipo nilipotoa chaki. Nilimwambia mkubwa, "Nipe dakika tano na kijana mmoja wa kusukuma." Tulirudia kile kipimo cha getini, pale pale kwenye sakafu yao ya saruji, mafundi wote wamesimama. 193 nyuma, 187 mbele. Yule msimamizi alipima mara ya pili mwenyewe kwa tepu ya chuma, akapata kama mimi. Mkubwa hakusema nimeshinda. Alitoa simu, akapiga kwa duka jingine, na baada ya dakika arobaini boda alifika na matairi mawili kwapani.

Aliniomba 1,200 za tofauti ya bei. Nilikataa, kwa sababu bei iliyoandikwa ilikuwa 8,500. Akaomba basi nilipe boda, 500. Nililipa, na hadi leo najuta. Haikuwa safari yangu.

Wakikataa kabisa

Mimi sikufika huku, lakini nilikuwa nimejiandaa, na barua ilikuwa tayari kwenye mkoba. Iandike fupi:

"Tarehe fulani nililipa shilingi 18,500 kwa Till yenu, msimbo wa M-Pesa huu, kwa matairi mawili mapya ya 195/65R15 pamoja na balansi na alainmenti, kwa gari namba hii. Mlifunga 195/60R15. Niliwajulisha siku iliyofuata asubuhi kwa WhatsApp na kwa kufika mwenyewe. Ninaomba ndani ya siku saba mfunge saizi niliyoagiza, au mnirudishie pesa zote. Picha zimeambatanishwa."

Toa nakala mbili, wakupigie muhuri kwenye yako. Wakikataa kupiga muhuri, piga picha ya barua ikiwa juu ya meza yao na uitume kwa WhatsApp na barua pepe pia.

Siku saba zikipita, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia haki za watumiaji. Lakini kwa mtu anayetaka pesa zake, mimi ningeenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016 na ilianza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Jambo la kuangalia ni jina la unayemshtaki. Jina lililoko kwenye kibao cha gereji linaweza kuwa si lile lililosajiliwa. Anza na lile lililotokea kwenye M-Pesa na kwenye risiti, kisha fanya utafutaji rasmi wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kujaza fomu.

Kama tairi lisilo sahihi limeshaharibu kitu, tuseme limekata plastiki au limekula waya, usilitengenezee kwao. Peleka gereji nyingine, waandike walichokiona na gharama yake kwenye karatasi yenye muhuri, halafu uiongeze kwenye madai.

Kabla hujatoka tena kwenye geti lao

Nilisoma ubavu wa kila tairi kwa sauti, msimamizi akiwa ameshika risiti mpya, naye anaandika. 195/65R15 91. DOT ya mwaka huo huo. Kama ubavuni kuna neno ROTATION na mshale, mshale uelekee gari linakokwenda mbele. Kama kuna OUTSIDE, neno hilo liwe nje, unaliona ukiwa umesimama.

Nilidai balansi irudiwe na alainmenti irudiwe, bila malipo, na nikasimama pale pale wakifanya. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, maana kila tairi linapotolewa na kurudishwa kwa chuma, rimu inaweza kukwaruzwa au kupinda kidogo. Nilikuta mkwaruzo mmoja mdogo. Niliupiga picha mbele yao, nikauacha upite.

Pia niliwaambia mapya yawekwe nyuma na yale ya nyuma yaje mbele. Msimamizi alishangaa, wengi wetu huweka mapya mbele. Watengenezaji wa matairi wenyewe hushauri nyuma, kwa sababu kwenye mvua mkia wa gari ukiteleza ni vigumu kuudhibiti kuliko pua. Mvua za Outering Road zimenifundisha kutobishana nao.

Nati zikazwe gari likiwa limeshushwa, kwa mpangilio wa nyota, siyo kwa kuzunguka duara. Kwa Toyota ndogo kama yangu kipimo ni 103 Nm. Gereji yenye spana ya kupima nguvu itajua unachosema, na isiyo nayo itakutazama tu. Baada ya kama kilomita mia, zikague tena. Mimi nilizikagua kwenye petroli stesheni ya Jogoo Road na moja ilikubali robo mzunguko.

Jioni ile nilivuka tuta la getini polepole, mlinzi akiwa ameinama kuangalia chini ya bampa. Akanionyesha dole gumba.

Kwenye kitambaa kinachofunika dashibodi nimetarizi kwa uzi mwekundu: 195/65R15 91. Kila fundi anayeingia anaiona kabla hajaniuliza saizi. Wiki iliyopita nilimpa lifti mama mmoja wa kanisani, akaitazama tangu Donholm hadi City Stadium, kisha akaniuliza kwa adabu huo ni wimbo namba ngapi.